Jinsi Yesu Alivyonifungua na Hofu ya Kikapu cha Thika

Jina la Yesu lipewe sifa, ndugu zangu! Nasema lipewe sifa! Akina mama wenye watoto, sogeeni huku kwenye kivuli. Na wewe mzee wa kanisa usiangalie jua, nitamaliza mapema.

Mimi ni Peris Nekesa, mama ya Wafula na Nasimiyu. Wengi wenu mnanijua. Mimi ndiye yule mama anayeuliza maswali baada ya mahubiri mpaka mwinjilisti anaanza kutazama mlango. Nilizaliwa hivyo. Nikiwa mdogo huko kwetu Bungoma nilimuuliza nyanya kwa nini kuku hakojoi, akanifukuza jikoni. Watu wamesema mdomo huu utaniponza. Lakini leo nataka kuwaambia jinsi swali moja ambalo sikuliuliza lilivyotaka kumchukua mtoto wangu, na jinsi Bwana alivyonipa nguvu ya kuliuliza. Haleluya!

Ndugu zangu, zamani nilikaa Thika na mume wangu Zakaria. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha mananasi. Tulikuwa na chumba kimoja kwenye laini za wafanyakazi na tuliishi vizuri, hata leo siwezi kusema vingine. Kisha akaoa mke wa pili, msichana wa Maragoli anayeitwa Rasoa. Mimi nilikuwa nimeokoka. Nikamwambia Zakaria, mimi sitakaa hivyo. Sikutupa vyungu, sikumtukana mtu. Nilichukua watoto wangu nikaja hapa Ruiru, kwenye shamba la kahawa upande wa Mugutha. Ilikuwa mwanzo wa hii hali ya hatari iliyotangazwa na serikali, watu wengi wa hapa walikuwa wamehamishwa, na mashamba yalikuwa yanatafuta mikono ya kuchuma. Nikapewa chumba, nikapewa kikapu cha kuchumia, nikaanza maisha.

Wazee wa kwetu walioko Thika walituketisha kabla sijaondoka. Wakasema watoto watakaa na mimi, na baba yao atawalisha kila mwisho wa mwezi. Hilo lilikuwa zuri. Lakini wakaongeza neno lingine. Wakasema watoto wakionekana wanalala njaa kwangu, watarudi Thika kulelewa na Rasoa. Zakaria akakubali. Mimi pia nikakubali, kwa sababu nilijua mikono yangu haiogopi kazi.

Sasa, mnajua wanaume wa kiwandani. Mshahara ukitoka, Zakaria hajui kununua hata chumvi. Alikuwa anampa Rasoa pesa za watoto, naye Rasoa ndiye aliyekwenda sokoni. Alijaza kikapu: unga, maharagwe, kipande cha sabuni, na senti kidogo zimefungwa kwenye pembe ya kitambaa. Dereva wa lori la shamba letu alikuwa akienda Thika kuchukua mbolea. Anakipakia, ananiletea mpaka mlangoni. Mtu mwingine angesema asante Mungu, akaweka maji ya ugali motoni.

Mimi sikuweka maji motoni. Nilikitazama kile kikapu nikaona kifo.

Ndugu zangu msicheke. Kule kwetu, wake wenza waliokosana hawali chakula cha mkono mmoja mpaka wazee wawapatanishe. Nililelewa nikisikia habari za mama fulani aliyekula mboga kutoka kwa mke mwenzake akaanza kubweka. Nilikuwa nimeokoka, ndiyo. Nilikuwa naimba, naomba, nashuhudia. Lakini hofu hiyo ilikuwa imekaa ndani yangu kabla Yesu hajaingia, na sikuwa nimemwonyesha chumba hicho. Nilijiambia, huyu mwanamke anataka watoto wangu. Wakiugua mikononi mwangu atawapata. Na kama anataka waugue, njia yake si hii hapa mlangoni kwangu?

Basi sikilizeni akili yangu ilivyofanya kazi. Senti niliziloweka kwenye maji ya chumvi kabla ya kuzishika. Wafula akauliza, "Mayi, pesa nazo zinapikwa?" Sabuni nilifulia magunia. Unga niliogopa kuutupa, kwa sababu kutupa chakula ni dhambi, na tena nilifikiri mtu asiye na hatia ataukanyaga. Kuuza nisingeweza. Nani ningemuuzia kifo? Kwa hiyo nikawapa kuku.

Nilianza na jogoo. Nilimpa konzi moja nikakaa kwenye kigoda kumtazama. Nilitaka kuona kama atapepesuka, kama jicho litageuka. Akala, akafuta mdomo kwenye mchanga, akarudi kuomba tena. Siku zikapita. Yule jogoo akanenepa! Akang'aa manyoya! Akaanza kuwakimbiza kuku wa majirani mpaka laini nzima wakaja kunishtaki. Nikawapa na majike, wakataga kama wamelipwa. Mayai nikamuuzia mpishi wa nyumba kubwa ya mwenye shamba, na pesa hizo nikanunua unga mwingine dukani, unga ulio safi, ndio nikawapikia watoto. Nilifikiri dawa haiwezi kupita kwenye ganda. Mkiniuliza kwa nini basi watoto wangu hawakuyala mayai hayo, nitawaambia: Hofu haifanyi hesabu. Unga unaoingia ni kikapu kizima, unga unaotoka upande wa pili wa kuku ni kibaba kimoja. Watoto wangu walikula kilichobaki baada ya jogoo kushiba.

Maharagwe ndiyo yalinishinda. Kuku hawali maharagwe makavu. Nikayaweka kwenye gunia, nikalisukuma chini ya kitanda. Mwezi uliofuata nikaongeza. Kitanda kikaanza kuinuka upande mmoja.

Na kulikuwa na jambo moja lililoniondolea usingizi. Kila mwezi kikapu kilikuwa kipya! Mimi nilikuwa nikisugua kile cha zamani kwa majivu, nakisuuza, nampa dereva akirudishe. Lakini mwisho wa mwezi haji nacho. Anakuja na kingine, kipya kabisa, bado kinanuka majani. Nikajiuliza, mwanamke gani ana pesa za kununua kikapu kila mwezi? Hata wenye maduka hawafanyi hivyo. Nikamuuliza dereva, akasema yeye anabeba tu. Nikawaza mpaka kichwa kikauma. Mwishowe nikapata jibu langu mwenyewe: mganga wake amemwambia dawa haishiki kwenye kikapu kilichokwisha kutumika. Na nilipopata jibu hilo nilifurahi, ndugu zangu! Nilifurahi kwamba nilikuwa na akili! Shetani ni mjanja. Anakuachia udadisi wako wote, halafu anakaa yeye kwenye kiti cha kukujibu.

Kisha kahawa ikaisha mitini. Mnajua kazi inavyopungua mavuno yakipita, wengine wanapewa palizi na wengine wanaambiwa wangoje. Mimi niliambiwa ningoje. Kuku nao wakashikwa na ugonjwa wa kideri uliopita laini yote, wakafa, na yule jogoo wangu akafa pamoja nao. Dukani nilikuwa nadaiwa, mwenye duka akaniambia kwa upole kwamba hawezi kunikopesha zaidi. Unga wa Rasoa nikausukuma chini ya kitanda pamoja na maharagwe, senti zake zikaishia kwenye deni, tukawa tunakula mboga ya porini na uji mwembamba.

Hapo ndipo Nasimiyu alipobadilika. Alikuwa mtoto wa kelele, alikuwa akiniamsha kwa kuimba. Akanyamaza. Nywele zake zikawa nyekundu na laini. Miguu ikavimba, mashavu yakavimba, mtu asiyejua angesema amenona. Alikaa pale ukutani kwenye jua hata nzi akitua machoni hamfukuzi. Hakulia. Ningependa angelia! Nikasema ndani ya moyo wangu, Rasoa ameshinda, amepata njia nyingine.

Nikambeba mgongoni mpaka kwa dresa wa shamba, yule anayetibu wafanyakazi. Alikuwa mtu mkimya. Akambonyeza mguu, akatazama ndani ya mdomo, akanigeukia.

"Mama, huyu hajarogwa na hana homa. Mpe maharagwe, uyaponde vizuri. Mpe yai, mpe maziwa ukipata. Asipokula vitu hivyo, mama, sitakudanganya."

Hakumaliza. Mimi nikasimama pale na neno moja tu masikioni. Maharagwe! Kitanda ninacholala kimeinuka kwa sababu ya maharagwe, na mtoto wangu anakufa kwa kukosa maharagwe!

Hebu niambieni, ninyi mngefanya nini? Nikiyapika, nilimwona Nasimiyu akianguka mbele yangu kwa sumu. Nisipoyapika, anakufa kwa njaa. Na nikimwambia mtu yeyote, habari zitafika Thika kwa wazee na watoto wote wawili wataondoka. Nilifika nyumbani nikalivuta lile gunia nikalifungua. Nikachukua maharagwe kiganjani nikayanusa, nikayageuza. Yalikuwa maharagwe tu, mekundu, mazuri. Nikalifunga tena. Ndugu zangu, nililifunga tena! Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimefungwa mimi mwenyewe.

Nikaenda kwa Mama Njeri. Mnamjua, ndiye anayeongoza maombi ya akina mama huku laini, na bwana yake alichukuliwa kizuizini, na bado anasifu Mungu kwa sauti kuliko sisi wote. Nilimweleza yote bila kuficha. Jogoo, chumvi, vikapu vipya, maneno ya wazee. Nilitegemea atalia na mimi. Alinitazama kama mtu aliyeona ng'ombe juu ya paa.

"Ngai! Peris! Wewe unamuuliza mwinjilisti Kaini alioa nani. Unaniuliza mimi malaika wanakula nini. Na huyu mwanamke wa Thika, umemuuliza nini?"

"Sijamuuliza kitu."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

"Basi tuombe, halafu upande treni. Mimi sina ruhusa ya kusafiri, unajua serikali inavyotufungia sisi wenyeji wa hapa. Nitakaa na mtoto, nitampa uji wangu."

Tukapiga magoti. Na pale sakafuni, ndugu zangu, sikusikia sauti, sikuona moto. Lakini nilijisikia kama mtu anayetazamwa na yule anayempenda. Na moyoni mwangu ukaja udadisi, ule wangu wa utotoni, ule wa kuku na nyanya. Nikataka kujua! Sikutaka tena kushinda, wala kukimbia. Nilitaka tu kujua kweli ilivyo. Nikajua huyu ni Bwana, kwa sababu hofu yangu haikuwahi kutaka kujua kitu. Ilitaka niwe na jibu tayari.

Basi nikapanda treni hapa Ruiru asubuhi. Nikafika Thika, nikapita kiwandani, nikafika kwenye zile laini. Nikaona jambo ambalo mpaka leo sijalisahau. Kwenye ua wa miiba nyuma ya nyumba ya Zakaria, vikapu vyangu vilikuwa vimening'inia. Vyote! Vimepigwa na mvua, vimeoza, vingine vimeota kuvu. Vimetundikwa mbali na nyumba kama vitu vinavyouma.

Rasoa alikuwa anafua nguo. Aliponiona alisimama ghafla, povu mikononi, akalikinga tumbo lake la mimba.

"Mama Wafula, simama hapo hapo," akasema. "Umebeba nini?"

"Sina kitu. Nimekuja kukuuliza swali moja."

"Uliza ukiwa hapo hapo."

Mimi, Peris wa maswali, nilitamani kurudi kwenye treni. Nikamwomba Yesu anishike, kisha nikasema wazi kabisa, "Rasoa, kwenye chakula cha watoto, unatia nini?"

Akanikodolea macho. Kisha akaanza kulia, na katika kulia kwake kulikuwa na hasira nyingi. "Mimi ninatia nini? Wewe unatia nini kwenye vikapu? Kila mwezi kikapu kinarudi na majivu kwenye misuko! Mtu gani anamtumia mwenzake majivu? Mtoto wangu wa kwanza alikufa mwezi ule kikapu cha kwanza kiliporudi. Tangu hapo hakiingii kimoja nyumbani kwangu. Ninanunua kingine kwa pesa ya chakula changu, maana nikitumia pesa ya watoto wako Zakaria atasema ninawaibia!"

Ndugu zangu, mimi sikujua hata kwamba alizika mtoto. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuwa nimeuliza. Nilikaa chini pale kwenye mchanga. Nikamwambia, "Rasoa, ni majivu ya kusugulia. Nilikuwa naosha dawa yako."

"Dawa gani?"

"Ile uliyoweka."

"Sikuweka!"

"Sasa najua."

Sijui nani alianza kucheka, nafikiri ni yeye, lakini kicheko hicho kilikuwa na machozi ndani yake. Alikuja akakaa karibu na mimi na povu lake mikononi. Nikamwambia pole ya mtoto. Niliisema kwa kuchelewa sana, akaipokea. Nikamweleza habari za Nasimiyu, naye akashika kichwa. Hakusema atawachukua. Alisema, "Lakini maharagwe nilikuwa nachagua yale makubwa."

Kisha akasonga ugali, unga wa gunia lile lile ambalo alikuwa akinipimia. Akaweka sahani katikati. Kujua ni jambo moja, na kumeza ni jambo lingine! Nikalitaja jina la Yesu, nikakata tonge, nikameza. Nikangoja. Rasoa naye akaacha kutafuna, akaningoja. Hakuna kilichotokea, ila nilisikia njaa, njaa kubwa, njaa ya miezi yote ile, nikala mpaka nikaona aibu. Hapo ndipo kamba ilipokatika. Nililia na kusifu katikati ya ugali, majirani wakatoka nje kutazama. Haleluya! Bwana alinifungua nikiwa nimeketi mchangani kwa mke mwenzangu!

Nilirudi Ruiru jua bado liko juu ya kahawa. Nikavuta gunia, nikachemsha maharagwe mpaka yakapasuka, Mama Njeri akayaponda kwa mwiko. Nasimiyu alikuwa amekaa kwenye mkeka. Nikampelekea kijiko mdomoni. Akakitazama, kisha akanitazama mimi usoni. Alikuwa ameona lile gunia siku zote, mtoto huona kila kitu.

Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mayi, leo tunaruhusiwa?"

Nilikula kijiko cha kwanza mwenyewe ili aone, kisha nikampa. Akala kidogo. Kesho yake akala zaidi. Ilichukua majuma mengi, na siku nyingine nilifikiri tunampoteza. Lakini miguu ilipungua, nywele zikarudi nyeusi, na asubuhi moja akaniamsha kwa kuimba. Amesimama pale kwa akina dada, mwoneni! Mwenye kelele ndiye huyo!

Mtaniuliza, je, ulirudi kwa Zakaria? Hapana. Nimeokoka, sikupotewa na akili. Lakini mshahara ukitoka, mimi na Rasoa tunakutana sokoni Thika. Zakaria anatoa pesa za watoto mbele yetu sote wawili. Tunanunua gunia moja la unga tunaligawa, maana kwa gunia bei ni nafuu. Sabuni ananunua yeye, anajua kupatana. Mboga nalima mimi, namletea. Karo ya Wafula, ambayo ilikuwa hadithi tu, sasa inalipwa. Mwezi wa kwanza Zakaria alitutazama akauliza pesa zimeongezwa na nani. Tulimwambia ni Yesu, na hatukumdanganya.

Ndugu zangu, namaliza. Hapa kuna mtu ambaye anapokea chakula cha watoto wake kutoka mkono asioupenda. Kuna mwingine ni yeye anayetoa, na moyo wake umejaa mambo aliyojijibu peke yake. Yesu haogopi swali lako. Umtegemee, halafu ukamuulize yule mtu. Usiseme nitaombea tu. Mimi niliombea mtoto wangu na gunia likiwa chini ya kitanda.

Njoo hapa mbele tuombe, usione haya. Na kama miguu inakataa kwenda kwa huyo mtu, mimi nitaenda na wewe. Kesho ni Jumatatu, kahawa bado haijaiva, na nina nafasi. Nitasimama mlangoni na wewe mpaka uulize.